Mpindo wa Baba Mkwe

Tumpale alipoingia zahanati asubuhi ile, hakutoa mkono. Alisimama mlangoni, maji ya ukungu yakimdondoka kwenye koti la mpira, akaitikia salamu kwa kutikisa kichwa kama mtu aliyegombana na mwenye nyumba. Huko Rungwe watu hushikana mikono mpaka habari za wote waliobaki nyumbani ziishe, ng'ombe wakiwemo. Kumnyima mtu mkono ni habari tosha. Bupe, mtaalamu wa mikono wa ushirika wa chai, alimvutia kiti bila kuuliza.

Tumpale alionyesha ubavu wa kifundo cha mkono wa kulia, pale kidole gumba kinapoanzia. Alisema asubuhi hiyo ameshindwa kufungua mfuniko wa chupa ya chai, ikabidi amwite jirani.

Bupe alimwelekeza akifiche kidole gumba ndani ya ngumi, kisha aiinamishe ngumi upande wa kidole cha mwisho, taratibu, kama anayemimina uji. Tumpale hakufika hata nusu. Alikuwa mama wa makamo, kiongozi wa kikosi cha wachumaji arobaini, mtu ambaye mwaka juzi alijifungua shambani na kesho yake akauliza nani amechukua mstari wake. Sasa machozi yalimtoka kwa kupinda ngumi.

Alikuwa wa thelathini na moja tangu mvua zianze. Wote walikuja na mkono uleule na mahali palepale.

Bupe alimweleza kama alivyowaeleza wale thelathini. Vidole havina misuli yake. Misuli inayovichezesha iko huku juu, karibu na kiwiko, nayo huvivuta kwa kano ndefu, kama kamba ya kuvutia ndoo kisimani. Kano mbili za kidole gumba hupita ukingoni mwa kifundo ndani ya ala nyembamba. Ukizivuta huku kifundo kimenyooka, zinateleza vizuri. Ukizivuta huku kimepinda, maelfu ya mara kwa siku, zinaisugua ala mpaka inavimba, na ikishavimba ndipo kila unachoshika kinageuka adhabu. Dawa ni kupumzika na kuacha kupinda.

"Lakini mimi sipindi, dada," Tumpale alisema. "Soksi ndiyo inapinda."

Bupe alikuwa na bandeji mkononi. Aliiweka mezani na kusahau kuifungua.

*

Soksi ilikuwa na jina zuri zaidi kwenye makaratasi ya ushirika, jina refu lenye neno "mwongozo" ndani yake, lakini kitu kinachofanana na soksi iliyokatwa vidole hakiwezi kuitwa vinginevyo na wachumaji. Kilivaliwa kuanzia chini ya kiwiko mpaka kwenye kiganja. Ndani ya kitambaa mlikuwa na nyuzi za chuma nyembamba kuliko nywele, nazo ziliiamsha misuli kwa zamu, huu kwanza, ule baadaye, hata mtu ambaye hajawahi kuona mchai akajikuta anachuma majani mawili na chipukizi lake kama aliyezaliwa shambani. Soksi za zamani zilikuwa na adabu. Zilikusukuma kidogo tu, ukitaka unafuata, hutaki unaacha. Zile mpya zilizoletwa Januari zilikuwa na nguvu maradufu, na hazikuwa na habari na unachotaka wewe.

Zote, za zamani na mpya, zilifuata ramani moja ya mwendo, iliyochukuliwa kwa siku tatu kutoka kwenye mkono wa mtu mmoja miaka tisa iliyopita. Picha ya mkono huo ilitundikwa kwenye banda la kupimia: mkono mtupu, bila uso, umekamata chipukizi. Kila mtu alijua ni wa nani. Alikuwa mchumaji mzee kuliko wote, aliyejaza tenga wakati wengine bado wanafunga maturubai kiunoni, na kabla ya kuvunja kila chipukizi alikuwa na kampindo kadogo ka kifundo, ka kupepea nje haraka, ambako watu walikapenda mno. Walikaita mpindo wa mzee. Vijana walijaribu kukaiga mpaka wakachoka, ndipo soksi zikawapa bure.

Mzee huyo alikuwa baba mkwe wake Bupe.

Mchana, wachumaji walipokwenda kula, Bupe aliichukua soksi ya Tumpale akapanda nayo shambani. Mizani ya kikosi, mashine ya miguu minne iliyowafuata wachumaji mstari kwa mstari ikipokea majani, ilikuwa imechuchumaa pembeni imezima. Bupe alivaa soksi, akaiwasha, akauweka mkono juu ya mchai.

Mkono wake ukaondoka. Hakukuwa na neno jingine. Ulikwenda wenyewe, ukachagua, ukashika, ukavunja, ukarudi, na kwa dakika nzima Bupe alistarehe kweli, maana ustadi ni mtamu hata ukiwa wa kuazima. Kisha akafumba macho na kuusikiliza kama anavyousikiliza mkono wa mgonjwa.

Kila mara, kabla kidole gumba hakijabana, kifundo kilikimbilia upande wa kidole cha mwisho. Chipukizi lingevunjika hata bila kufanya hivyo. Kulikuwa na kitu upande wa pili ambacho mkono haukutaka kukigusa, kama ulimi unavyolikwepa jino bovu.

Alikijua kitu hicho. Ndani ya kifundo mna mifupa midogo minane, imejipanga safu mbili, na mmoja wao, ulioko chini ya kidole gumba na wenye umbo la korosho, umekaa kati ya safu zote mbili. Mtu akianguka akajikinga kwa kiganja, huo ndio unaobeba mwili mzima. Ukipasuka katikati, nusu yake hukosa damu, maana damu huuingia kwa upande mmoja tu, na huweza kukaa miaka bila kuunga. Uvimbe hupungua kwa wiki moja. Mwenyewe hudhani ameteguka tu, akaendelea na shughuli zake, ila tangu siku hiyo hauegemei tena ule upande. Hata mwenyewe hajui kwamba hauegemei.

Bupe alizima soksi. Anayechechemea kwa mguu huonwa na kila mtu na kupewa pole. Anayechechemea kwa mkono watu walimtundikia picha bandani. Na sasa wanawake mia nne wa ushirika walikuwa wanachechemea pamoja naye, kwa mfupa ambao hawakuuvunja wao.

*

Fomu ya miaka tisa iliyopita, ya kuupima mkono ule kabla ya kuchukua ramani, ilikuwa bado kwenye kumbukumbu za zahanati. Bupe aliifungua akijua atakachokikuta, akaikuta. Safu ya kumi na mbili: Kubonyeza kishimo cha kidole gumba. Jibu: Hakuna maumivu. Mbele yake, kwenye mabano, mwandiko wa muuguzi Gwantwa: kwa maelezo ya mwenyewe. Chini, sahihi ya Bupe. Kwa kuwa hakukuwa na maumivu, picha ya mifupa haikupigwa.

Kishimo hicho ni kile kinachojitokeza mtu akinyoosha kidole gumba juu, ambamo wazee huweka ugoro wao kabla ya kuuvuta. Ukikibonyeza, unaugusa ule mfupa wa korosho. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho. Kinahitaji kidole kimoja, na Bupe anavyo kumi.

Hakukibonyeza kwa sababu alikuwa mkamwana, na mkamwana hamgusi baba mkwe. Familia nyingi za Rungwe zilikuwa zimeshauacha mwiko huo siku nyingi, wengine hata wanapanda gari moja na wakwe zao na kugombania dirisha. Ukoo wa mumewe haukuuacha. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa Bupe alikuwa hajamtazama baba mkwe usoni, hajamgusa, wala hajalitamka jina lake. Alimjua kwa kikohozi na kwa viatu. Wakikutana njiani, Bupe huingia majanini, hujifunika khanga kichwani na kuupa mgongo upande ule mpaka hatua zipotee. Mara moja, akiwa na mimba nzito ya Atu, alisimama hivyo kwenye mteremko wa mtoni akasikia kitu kikiteleza nyuma yake na ndoo ikibingirika. Hakugeuka, kwa kuwa mkamwana hageuki. Alipotoka majanini njia ilikuwa tupu.

Wakilazimika kusemezana, wanasemezana kupitia mtu wa tatu, na mtu asipokuwepo basi kupitia chochote. Bupe alikwisha kumtuma mbuzi amwambie baba mkwe chakula kiko tayari. Baba mkwe alikwisha kulituma jiko lipeleke shukrani. Kulikuwa na siku Bupe alicheka peke yake jikoni na kujua kwamba ng'ambo ya ukuta mzee anacheka pia.

Ndiyo maana siku ya kupima mkono walitundika shuka la maua katikati ya chumba. Mzee alikaa huku, Bupe huku, na Gwantwa akawa anazunguka. Bupe alisoma namba za vipimo kwenye kioo cha mashine yake, akamtuma Gwantwa amwambie mzee ajibonyeze mwenyewe kishimoni. Gwantwa akarudi: anasema mzima. Bupe akasaini. Wote watatu waliona wamefanya jambo la heshima, na kwa kweli walikuwa wamelifanya.

Sasa aliitazama sahihi yake na kuona aibu mpaka masikioni.

*

Meneja wa ushirika hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza Bupe mpaka mwisho, akamwambia waziteremshe nguvu soksi zote kesho asubuhi, waseme zina hitilafu ya kitambaa, na msimu ujao watafute ramani nyingine kimyakimya. Wanawake watapona, na mzee atabaki na picha yake. Kwa nini kumvua nguo mtu mzima hadharani kwa jambo linaloweza kumalizwa na bisibisi?

Ipyana, mumewe Bupe, alisema hivyohivyo wakati wa chakula cha mchana kilichochelewa, ila kwa sauti ya mtu anayeumia. Baba yake hakuwa na mali. Alikuwa na mkono.

Bupe alikubaliana nao kwa muda wa kutosha kumaliza sahani yake. Halafu akakumbuka kwamba ramani ile haikubaki Rungwe. Mashamba ya mikoa mingine mitatu yalikuwa yanaitumia, na huko soksi mpya zilikuwa njiani. Hitilafu ya kitambaa isingewahusu. Kila shamba lina kitambaa chake. Kilichoweza kuzisimamisha soksi zote ni kitu kimoja tu, nacho ni fomu iliyosahihishwa: mkono huu si mzima, na aliyesema ni mzima ni mimi. Na fomu haisahihishwi kwa kuhisi mambo shambani ukiwa umefumba macho. Inataka kidole kishimoni.

Alimwuliza Ipyana kama Gwantwa anaweza kutumwa tena. Ipyana alifikiri, akasema mama yake yuko msibani mpaka jioni na baba yuko peke yake nyumbani. Kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

*

Mvua ilikuwa imekatika. Bupe alipita nyuma ya nyumba ya wakwe, akaingia jikoni, akabisha kwenye mlango wa kati uliokuwa wazi nusu. Upande wa pili kiti kililia, kikohozi kikajibu. Juu ya mafiga palikuwa na birika.

"Birika," Bupe alisema, "mwambie baba shikamoo."

"Birika, mwambie Mama Atu marahaba. Mwulize mbona ametoka kazini saa hizi."

Alikuwa amejiandaa kwa maneno ya kuzunguka, yote yakapotea. Aliliambia birika habari za Tumpale, na za wale thelathini, na za mpindo. Aliliambia kwamba safari ile kosa lilikuwa la mpimaji, ambaye alipokea jibu bila kugusa, na kwamba mpimaji huyo amekuja kuomba mkono.

Maji yalianza kuchemka. Halafu kiti kikalia tena, na kwenye uwazi wa mlango, usawa wa bawaba ya kati, ukatokea mkono wa kulia. Ulikuwa mdogo kuliko ulivyokuwa pichani. Kucha zilikuwa na weusi wa utomvu wa chai usiotoka tena.

Bupe alijifunika khanga kichwani, akainamisha uso, kisha akaushika. Ulikuwa wa moto. Miaka kumi na moja alikuwa amemwogopa mtu huyu kwa adabu zote, na sasa alimshika kifundo kama anavyowashika wengine, kidole gumba cha mzee kikitazama juu, kishimo kikijichora. Kilikuwa na vumbi la ugoro. Akakibonyeza.

Mkono uliruka. Mzee hakupiga kelele, alivuta tu pumzi kwa meno, na Bupe alihisi chini ya kidole chake ule mchezo mdogo wa mfupa wenye nusu mbili. Hakuuachia.

"Birika," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri, "mwulize baba kwa nini siku ile alisema mzima."

"Siku ile kulikuwa na watu," mzee alisema. "Ningesema naumwa, wangeniuliza umeumia wapi."

"Wapi, baba?"

Hakulitaja birika. Wote wawili waliliona kosa hilo na wakaliacha lipite.

"Kwenye mteremko wa mtoni. Nilikuwa natoka kuchota maji. Nikamwona mama mmoja anapanda, mzito, siku zake zimekaribia, na majani yale yamejaa maji. Nikasema nikimwacha ajitupe mle, atateleza. Nikawahi mimi kumpisha kando ya njia, nikaangukia shimoni. Shimo lenyewe sikuliangalia. Yule mama hakuniona kama nimeshampisha, akajitupa vilevile."

Ndoo ilibingirika tena kichwani mwa Bupe. Aliisikia mpaka ilipogonga jiwe, na akajiona amesimama majanini, khanga usoni, akihesabu pumzi na kujisifu kimoyomoyo kwa kutogeuka. Mtu alikuwa chini hatua tano nyuma yake, amevunjika kwa ajili yake na kwa ajili ya Atu. Alilia. Hakuficha, kwa kuwa khanga ilikuwa imeshaficha.

"Ningesema, wangekuja kwako," mzee alisema. "Wangesema mkamwana kamvunja mkwe. Nilipoanguka ulikuwa umeletwa hapa mwaka haujatimia. Mfupa mmoja si kitu."

"Si mmoja tena, baba. Ni mia nne hapa tu."

Mkono ulitulia kiganjani mwake. Bupe alihisi mapigo ya damu kwenye kifundo, ya polepole, ya mtu anayefikiri. Alijua anachomwomba. Kesho picha itateremshwa bandani. Vijana watasema mpindo wa mzee ulikuwa kilema, na watacheka, maana vijana hucheka.

"Tumpale, mtoto wa Anyosisye," mzee aliuliza, "ndiye ameshindwa kufungua chupa?"

"Ndiye."

"Mimi pia siwezi. Mama yenu hunifungulia." Akavuta pumzi. "Andika. Ila pale pa kuuliza nilianguka kwa nini, paache wazi."

Bupe aliuachia mkono, akatoa fomu mfukoni. Safari ile jina aliliandika Gwantwa, kama inavyopasa. Safari hii Gwantwa hakuwepo, na mkamwana hata kuandika jina la mkwe haandiki. Aliishika kalamu juu ya mstari wa kwanza mpaka birika likaanza kurusha mfuniko.

"Birika," mzee alisema kutoka ng'ambo, taratibu, "mwambie namruhusu."

Akaandika: Asajile Mwakatobe. Herufi zilitoka kubwakubwa, kama za mtu anayejifunza. Chini yake: Mkono wa kulia, si mzima. Safu ya kumi na mbili: Maumivu makali, kwa kidole cha mpimaji. Ramani yake isitumike popote.

Alifika kwenye safu ya sababu ya kuumia. Mzee alikuwa amesema iachwe wazi. Katika miaka kumi na moja Bupe hakuwahi kukaidi neno lake hata moja, awe amelituma kwa mtu, kwa mbuzi au kwa jiko.

Akajaza: Alikuwa ananipisha njia.